Mkono Nilioubana Nyumbani kwa Bi Saumu

Nyanya, mke mwenzangu, nimeolewa!

Leo ni siku ya kumi na tisa, na bado nikisikia mtu anaita "mke wa Bakari" nageuka kutazama ni nani. Ni mimi. Nina hina mpaka kwenye viwiko, imeanza kufifia, na sitaki iguse maji isije ikaisha upesi. Bakari ananicheka. Amesema ataosha vyombo yeye mpaka ifutike yenyewe, na kweli anaviosha, mume wangu huyu, fundi wa friji za mahoteli ya Diani, ameinamia karai huku anaimba vibaya. Ungempenda, Nyanya. Ungemtania mpaka akimbie, kisha ungempenda.

Lakini sikukaa kitako kukuandikia habari za harusi peke yake. Kuna neno nililokuambia miaka minne iliyopita, ukaenda nalo kaburini. Nimekuja kulichukua.

Unaikumbuka siku ya Msambweni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, alama zangu nzuri, na mwalimu wangu wa Biolojia alikuwa amenisaidia kujaza fomu za chuo kile cha ng'ambo, kile kinachochukua watu wachache sana. Kabla hawajaamua, humwomba mtu aliyesoma kwao zamani, anayeishi karibu nawe, akuite mzungumze, kisha awaandikie alivyokuona. Wa kwangu alikuwa Bi Saumu mwenye duka la dawa. Alinipigia simu niende nyumbani kwake Jumamosi asubuhi.

Kukueleza wewe ndiko kulikoniponza. "Wanataka kukuona kwanza?" uliniuliza. Nikasema ndiyo. "Watauliza tabia zako?" Nikasema, ni kama hivyo. Basi. Ukafungua sanduku, ukatoa doti ya leso ambayo hujaivaa hata mara moja, ukasema, "Msichana hajipeleki mwenyewe kuulizwa. Huenda na mtu wake." Nikakuambia hii si posa, Nyanya. Ukanijibu, "Kwani nimesema ni posa? Nimesema wanataka kukuona." Na ukapika mahamri sinia nzima.

Bi Saumu alikupa shikamoo kabla hata hajanitazama mimi, nawe ukaitika marahaba kwa sauti yako ile ya ugenini. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Majibu yangu yote nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi nikayakariri: kwa nini chuo hiki, kwa nini sayansi, ni kitabu gani nimekipenda. Akakaa, akatabasamu, akasema, "Haya, Mwanasha, nieleze. Wewe ni nani?"

Ukajibu wewe.

Ulisema mimi ni mtoto wa marehemu binti yako, umenilea tangu sijajua kutambaa. Ulisema huamka kabla ya adhana bila kuitwa. Ulisema wali wangu wa nazi haushiki chini. Ulisema sina matusi, ila nikikasirika hununa siku mbili, na afadhali walijue mapema. Nyanya! Mbele ya Bi Saumu! Nilitamani ardhi ipasuke nitumbukie. Nikautafuta mkono wako nikaubana. Nyamaza, ndiyo maana yake, nyamaza. Nawe ukanibana kidogo, kama mtu anayepewa moyo akarudisha, ukaendelea.

Kisha ukamgeukia yeye. "Na nyinyi je? Huko kwenu mtamtunza vipi? Akiugua, nani atamkanda tumbo? Akilia, nani atajua analilia nini?"

Nilingoja acheke. Hakucheka. Aliweka kalamu chini akakueleza ukweli: kwamba mwaka wake wa kwanza baridi ilimpasua midomo, kwamba siku moja alijifungia bafuni akalia kwa hamu ya muhogo wa nazi. Na kwamba mama mmoja wa jikoni pale chuoni, mtu mzima asiyejua hata Kwale iko upande gani wa dunia, alimwona macho yamevimba, na tangu siku hiyo kila Ijumaa akawa anamwekea sahani yake pembeni mpaka atoke kuswali. "Kwa hiyo yupo mtu, Mama," alikuambia. "Si wote. Lakini yupo." Ukamsogezea hamri jingine ukasema, "Basi mnaweza kumchukua."

Nikuambie kitu ambacho sikukuambia. Kabla ya siku hiyo chuo kile kwangu kilikuwa picha tu, mnara na miti yenye majani mekundu. Tulipotoka kwa Bi Saumu nilikuwa nakipenda kama anavyopendwa mtu. Niliiona ile sahani. Nilijua kabisa nitakavyomsalimu yule mama wa jikoni. Miezi miwili nilikuwa mchumba wa mahali ambapo sijawahi kufika.

Kisha likaja jibu lao, wanasikitika. Na ajabu yake, niliposoma sikukiona chuo. Nilimwona Bi Saumu. Nikaona ni yeye aliyenikataa, kwa mdomo ule ule uliokula mahamri yetu. Tangu hapo, nikienda Msambweni, nilivuka barabara nisipite mbele ya duka lake. Ukaniuliza wamesemaje. Nikakujibu, "Wamekataa. Ungeniacha nikajibu mwenyewe, wangenichukua."

Wewe, uliyekuwa na jibu la kila jambo, ulikunja doti yako ukairudisha sandukuni, na sikukuona ukiivaa tena. Nikanuna siku mbili, kama ulivyomwambia. Baadaye tulicheka, tulipika, ulinisuka, lakini neno lile hakuna aliyeligusa, na mwaka uliofuata ukaondoka. Nilipofungua sanduku baada ya matanga, doti ilikuwa na mikunjo ile ile.

Sasa sikiliza. Bakari ana mdogo wake, Mejumaa, binti mwenye kichwa chepesi kuliko sisi sote. Naye ameomba chuo kile kile. Juma lililopita alihojiwa kwa simu ya video na kijana mmoja wa Nairobi aliyesoma huko. Kijana alikuwa ndani ya gari. Alimwita kwa jina la mtu mwingine, mara mbili, na baada ya dakika kumi akamwambia imetosha. Mejumaa alitoka chumbani uso umemvimba, akasema, "Hata wakinipa sikitaki. Watu wake ndio hao." Na bado ilikuwa imebaki insha moja ya kutuma kabla ya Ijumaa. Akaapa hataituma. Bakari akaniambia, "Zungumza naye, mpenzi, wewe ulishayapitia." Nimepitia nini mimi, zaidi ya kuvuka barabara?

Basi nikamshika Mejumaa tukaenda kwa Bi Saumu. Sijamaliza hodi, akanitambua. "Mwanasha wa mahamri! Yuko wapi mama yangu?" Nikamwambia umetangulia mbele ya haki. Akakaa nyuma ya kaunta, akainua mikono, akakuombea dua pale pale, wateja wamesimama.

Alimsikiliza Mejumaa mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Huyo ni mtu mmoja. Labda alikuwa na siku mbaya, labda ni tabia yake, sijui. Mimi pia ni mtu mmoja. Kule kuna walimu na maabara na wasichana wenzako ambao yeye wala mimi hatuwajui. Sisi huandika ukurasa wetu, ukaingia kwenye faili nene. Usikatae chuo kizima kwa ajili ya mtu aliyekuwa ndani ya gari." Akanigeukia akicheka. "Na huyu wifi yako alikipenda kwa ajili ya sahani ya Ijumaa. Nilimwona machoni. Hilo nalo nililijutia."

Nikakusanya ujasiri nikamwuliza aliandika nini. Alisita, kwa kuwa huwa hawasemi. Kisha akasema, "Nusu ya ukurasa nilimwandika nyanya yako. Niliandika kwamba msichana huyu ana mtu aliyekihoji chuo kuliko sisi tulivyomhoji yeye. Na kwamba alimshika mkono nyanya yake mwanzo hadi mwisho, hakumkatiza hata mara moja. Niliwaomba wakuchukue. Hawakukuchukua, na sababu hawakunipa. Nililia siku ile, Mwanasha."

Alilia! Nami nikivuka barabara.

Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia kweli. Sikuwa nimekushika, nilikuwa nakubana unyamaze.

"Najua," akasema. "Niliviona vidole vyako. Lakini hukuuachia."

Nyanya. Haikuwa wewe. Hakuna ukurasa mzuri ulioandikwa juu yangu kuliko ule, na nusu yake ni wewe. Lile neno nalichukua, lote, nisamehe. Nimelibeba mimi sasa, na mimi nina mume wa kunipokea mzigo.

Na ujue kwamba ni swali lako lililonioza. Siku ya posa wazee walizungumza yao, mjomba akanijibia vizuri, lakini hakuna aliyeuliza ulivyouliza wewe. Kwa hiyo nilimpigia Bakari simu nikamwuliza mwenyewe: nikiugua, nani atanikanda tumbo? Akasema, "Mimi. Ila sijui kukanda, itabidi unionyeshe." Nyanya, moyo wangu uliyeyuka kama samli. Hapo hapo nikasema nimekubali.

Mejumaa alituma insha yake Alhamisi. Ameandika juu ya friji: jinsi kaka yake anavyotega sikio mlangoni na kujua kilichoharibika kabla hajafungua kitu. Hatujui watasema nini. Naye hakipendi chuo kile kama nilivyokipenda mimi, wala hakichukii tena. Amesema anataka kwenda kukiona kwa macho yake.

Doti yako nimeitoa, nimeifua, nimeikata. Upande mmoja nimejifunga mimi hivi ninavyoandika, mwingine nimempa yeye. Jibu likija, liwe lolote, nitakuwa nimekaa kando yake nimemshika mkono, na hakuna atakayetafuta wa kulaumiwa ndani ya nyumba hii.

Pumzika, mke mwenzangu. Mungu akulaze ulipo pema. Mkono wako bado ninao.

Mjukuu wako,
Mwanasha, mke wa Bakari