Wingu Juu ya Malaika

Mwaka umetimia, dada, tangu ulipotumbukiza ile brashi nyembamba kwenye kopo la tapentaini ukasema unajinyoosha kidogo kabla ya chai ya saa kumi. Chai ilipoa. Brashi niliitoa mimi, siku ya tatu baada ya mazishi. Nywele zake zilikuwa zimejikunja, hazifai tena. Sijaitupa.

Unajua mimi si mtu wa maneno. Mama alisema lazima mmoja wetu aandike neno la kumbukumbu yako, na wengine wote wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi. Basi nimekaa kwenye kiti chako, kile chenye mguu niliouwekea kipande cha ubao, naandika.

Tumechoka, dada. Nisikudanganye. Watu bado wanapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, wanagonga, wanauliza, "Yule mama wa picha za Maria yupo?" Nawaambia. Wanakaa chini, wanahema, halafu wananieleza picha yao iko wapi: sebuleni juu ya televisheni, kwenye korido, chumbani kwa mgonjwa. Mwaka mzima kazi yangu imekuwa kutangaza kwamba umekufa, na ulimi haujazoea.

Kwa wasiokujua niseme: ulichora kwa mkono nakala za picha za dini za mafundi wa kale wa Ulaya, wa miaka mia tano iliyopita, kwa ajili ya watu wa kawaida waliotaka kitu cha kusali mbele yake nyumbani. Mimi niliwamba turubai na kupiga fremu. Wewe ulipiga miraba ya vipimo kwa penseli, ukaanza na nguo, ikaja mikono, uso ukauacha mwisho. "Uso ni mgeni wa heshima," ulikuwa unasema. "Haingii mpaka nyumba iwe imefagiwa."

Ulikuwa mpole lakini hukuwa bubu. Mama wa duka la dawa alipolalamika, "Mbona malaika wangu kama amenuna?" ulimjibu bila kuinua kichwa, "Amepanda ngazi hizi, mama. Wewe mwenyewe ulifika ukiwaje?" Alicheka mpaka akaomba maji. Na yule dereva wa lori aliyefiwa na mkewe, ulimwacha akae nyuma yako siku nzima akitazama tu. Alipoondoka uliniambia, "Huyo hakuja kwa ajili ya picha."

Picha iliyoombwa sana ni ile ya malaika akimpasha Maria habari. Uliinakili kutoka kitabu kikubwa ulichoachiwa na mwalimu wako wa kuchora, kitabu ulichokifunika kwa kanga yako. Na hapa nina jambo ambalo sikulisema ukiwa hai.

Nilipokuja kufanya kazi kwako nilikuwa nimeshaondoka kila mahali. Nikikaripiwa, naondoka. Ndivyo nilivyoiaga shule darasa la sita, ndivyo nilivyoiaga gereji na kiwanda cha mbao. Mwezi wa kwanza tu, nikamwaga chai kwenye ukurasa ule. Nilifuta kwa shati, nikazidisha. Likabaki doa la kahawia juu ya bawa la malaika, kubwa kama kiganja. Nikafunga kitabu, nikanyamaza, nikaanza kukusanya nyundo yangu moyoni.

Ulipokifungua ulitazama kwa muda mrefu. Kisha ukachanganya rangi, na juu ya bawa ukaweka wingu la kahawia. Toka siku ile, miaka kumi na tisa, kila malaika aliyetoka chumba hiki alitoka na wingu lake. Mteja mmoja alinieleza kwamba ni ishara ya mateso yajayo. Nilimwitikia. Niliamini umedhani ni sehemu ya picha, na kila nilipopigilia fremu aibu ilinitafuna.

Picha yako ya mwisho ilikuwa ya Mama. Ulimwahidi ataiona kabla presha ya macho haijamaliza kazi yake. Uliiacha imebakiza vitu viwili: uso wa Maria, na pembe ya mbingu juu ya malaika. Mwaka wote tumegombana juu yake. Binti yako alitaka tumpe mchora mabango wa mtaa wa pili. Nikamwambia yule amezoea kuchora kuku wa kwenye mabango ya hoteli, atampa Maria mdomo wa kuku.

"Sasa mjomba, unasubiri nini?" akaniuliza. "Bibi apofuke kabisa ndiyo umpe?"

Mumeo, kama kawaida yake, alipangusa vumbi kwenye fremu. Na macho ya Mama hayakutungoja. Mwezi uliopita yalibaki kujua mwanga na giza tu. Akasema, "Nileteeni picha yangu ilivyo. Uso wa Maria naujua tangu sijamzaa hata mmoja wenu."

Kabla ya kuipeleka nilifanya kitu. Uso sikuugusa, ni penseli yako mpaka leo. Lakini nilichanganya kahawia na njano kidogo, nikapaka wingu. Ndicho kitu pekee katika picha zako ninachokijua, maana ni changu.

Mama aliishika karibu na dirisha, pua inagusa turubai, akaizungusha taratibu.

"Hapa juu pana giza."

"Ni wingu, mama."

"Wingu gani, baba. Si chai yako hiyo."

Nilikaa kitandani kwake. Nikamwuliza nani alimwambia.

"Dada yako. Siku ileile. Nikamwuliza, sasa mbona unalichora hilo doa? Akasema, 'Nikiliruka atajua nimeliona. Akijua nimeliona ataondoka. Na mimi sitaki aondoke.'"

Miaka kumi na tisa, dada. Kila malaika. Ulichafua kazi yako mwenyewe, wewe uliyekuwa ukifuta kidole kimoja cha mkono mara sita, ili mdogo wako asichukue nyundo yake akaenda.

Sikwenda. Aliyekwenda ni wewe.

Picha iko ukutani kwa Mama, upande wa kitanda. Asubuhi anainua mkono anaipapasa mpaka afike kwenye wingu, kisha anaanza sala zake.

Unakumbukwa na Mama yetu. Na mumeo, fundi saa, ambaye bado analala upande wake tu wa kitanda. Na binti yako, aliyechukua penseli zako. Na mimi mdogo wako, mpiga fremu, ambaye saa kumi bado namimina vikombe viwili. Hatujakusahau, dada, na hatutajifunza kukusahau.