Arobaini ya Mjomba Saidi

Kiwalani, Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua imekufaa? Mie sijambo, ila ndege zinazoshuka juu ya bati letu hazijanizoea, wala mie sijazizoea.

Ile kazi niliyokuambia, ya kuandika kitabu cha maisha ya mzee mmoja aliyewahi kuwa waziri, imenifikisha mahali nisipopategemea. Nyumbani kwake Madale nilitarajia walinzi na makochi ya kifahari. Nimemkuta mzee wa karibu miaka tisini, macho hayaoni tena, na leso zake anafua mwenyewe. Kila Jumanne namsomea nilichoandika, naye anasahihisha.

Juzi nilimsomea sura ya ujana wake, alipokuwa mkuu wa wilaya huko kwetu, enzi za kuhamishia watu vijiji vya ujamaa. Nilikuwa nimempamba kwelikweli: aliwatoa watu porini, akawaweka kando ya barabara, karibu na shule na zahanati. Nikadhani atafurahi. Kumbe amekasirika.

"Binti, hapo umeniandikia hotuba," akasema. "Fungua daftari la kijani."

Mama, humo ameandika makosa yake yote tangu aanze kazi. Sijawahi kuona mkubwa akijiandika hivyo. Nikasoma kwamba alimpandisha kwenye lori Bibi Somoe binti Hamisi, wakati mwanawe Saidi ana siku tisa tu kaburini. Yule mama aliomba aachwe mpaka arobaini isomwe. Yeye akakataa.

Nikaacha kusoma. Alipouliza kuna nini, nikamwambia Somoe ni bibi yangu mzaa mama, na wewe ulikuwemo kwenye lori hilo, mtoto wa miaka saba, na kwamba arobaini ile haijasomwa mpaka leo. Nilikuwa sijamwambia natoka kijiji gani. Akavua kofia, akaiweka mapajani. Nilimwogopa, nikamheshimu, vyote kwa pamoja. Mtu ambaye wilaya nzima ilisimama akipita, amekaa mbele yangu kama mwanafunzi aliyechelewa.

Watoto wake hawataki ukurasa huo uingie. Yeye kasema usipoingia, kitabu kisitoke. Ila jina la bibi, anasema, si mali yake wala yangu, ruhusa ni yako. Ukikataa nitalifuta, na sitanung'unika hata kidogo. Lakini mama, natamani ukubali.

Nisalimie baba na ukali wake, shangazi msuka mikeka, na mwalimu wangu wa madrasa, umwambie bado naandika kwa mwandiko ule ule mbaya.

Kuna ujumbe wako pia. Nilipoaga, mzee alinishika mkono. Yeye ni Mkristo, nawe unajua maisha yake yote alikuwa mtu wa kuwekewa kiti cha mbele. Akasema, "Mwambie mama yako, siku mtakapokwenda kuisoma arobaini ya kaka yake, naomba nafasi mkekani. Nyuma kabisa."

Nimjibu nini?

Mwanao akupendaye,
Mwanahawa