Miwani kaja kuwasha kompyuta

Swahiba, nimechemka. Fundi Miwani katoka kwangu sasa hivi. Ndiyo, yule yule aliyemposa shemeji yako kabla yangu!

Tangu kompyuta ya shemeji yako iwekwe ubao mama mpya, yaani motherboard, Linux, ule mfumo unaoiendesha, haiwaki. Kioo cheusi, maandishi meupe, basi. Nikamwambia anipe muda. Yeye akampigia Miwani. MIWANI, swahiba!

Wamekaa bega kwa bega. Mimi nikajitia kufagia nyuma ya pazia, masikio yamesimama kama ya sungura. Nasubiri nisikie "mpenzi". Nasikia: "Draiva, ile programu ya ubao wa zamani, bado imo, inagombana na ubao mpya. Ikionyesha orodha ya kuwashia, bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na linux, andika hivi kuizuia, kisha F10." Maneno yenyewe akamtajia herufi moja moja.

Ikawaka. Mke wangu akacheka. Kicheko kile, swahiba, sijakisikia tangu tuhamie hapa! Akammiminia chai kwenye kikombe changu. Kikombe CHANGU!

Miwani kaondoka, kompyuta ikazimwa. Kuiwasha, imekwama pale pale. Kumbe dawa ile ni ya kuwasha mara moja tu.

"Ngoja nimwite, hajafika mbali."

"Weka simu chini."

Nikabonyeza e, nikaandika yale maneno herufi kwa herufi, F10. Ikawaka!

Akanitazama, akautazama ufagio.

"Mume wangu, chumba kile si nilikifagia asubuhi?"

Akacheka, kicheko kile kile, akaenda kukiosha kikombe changu.