Sauti ya Adelard kwenye simu

Mackrine, uko wapi? Nisikilize mwenzako.

Unamjua baba mkwe wangu, haoni kabisa, na kila asubuhi lazima mume wangu Adelard amsomee Torati, waulizane maswali mpaka chai ipoe. Basi tangu afungue duka mjini Kayanga, nafasi hana. Akajirekodi anasoma, akamwachia mzee simu.

Leo kasahau funguo za duka. Bodaboda anamngoja barabarani, yeye anakimbilia ndani, anamkuta mzee kaikumbatia ile simu. Inasoma habari za Isaka kipofu na wanawe wawili. Mzee anauliza, "Hivi Isaka alishindwaje kumjua mwanawe?"

ANAIULIZA SIMU, Mackrine! Halafu anainamisha kichwa, anasubiri jibu.

Simu inasoma tu.

Adelard akapiga magoti. "Shikamoo baba. Ni mimi, Adelard."

Mzee akausukuma mkono wake. "Nyamaza wewe. Adelard anasoma."

Adelard anasoma! Na mwanawe wa kumzaa yuko mbele yake!

Akamwita tena. "Nimekwambia nyamaza." Wala hakuwa na hasira, alisema kama unavyomtuliza mgeni.

Bodaboda keshaondoka. Duka halijafunguliwa. Mimi niko jikoni na ndizi zangu, nawachungulia mlangoni, hata kumenya nashindwa.

Simu imeisha chaji sasa hivi. Mzee anaita, "Adelard, mbona umenyamaza?"

Na Adelard yuko pale pale miguuni pake, Mackrine, midomo inacheza, sauti haitoki.