Bawa Lililopinda

Koku, nimefanya balaa. Usimwambie mtu.

Ile ndege ya kivita ya plastiki, kubwa kama mbuzi, ambayo Cassian ameiunda miezi yote hii ili babu yake kipofu aishike? Nimeiharibu mimi.

Asubuhi rangi ya mabawa ilikuwa bado mbichi. Nikasema ngoja nimsaidie mume wangu. Nikayachomoa, nikayaanika juani, juu ya bati la moto, pembeni ya kahawa. Juu ya bati, Koku! Kama buni! Yakapinda. Nikayachomeka tena kimya kimya.

Cassian akaingia na babu, hata hakuyaangalia mabawa. Unajua mzee, kabla hajapofuka, aliiona ile ya kweli ikipita juu ya migomba miaka ya hamsini, mpaka leo anaisimulia. Akapapasa pua, akacheka. Akafika kwenye bawa.

Akalipapasa tena, taratibu. Halafu: "Mjukuu wangu, nisamehe. Nimeipinda."

Nimeipinda! Yeye!

Cassian anamwambia si kitu, babu. Na mimi nikajifanya nakwenda jikoni kuchemsha chai.

Sasa hivi nimempelekea mzee hiyo chai. Ameficha mikono kwapani. Anasema, "Mikono hii inaharibu vitu, mwanangu. Ninyweshe wewe."

Nimemnywesha, Koku. Kikombe kizima.