Barafu Kwenye Ngazi Zangu

Jumatatu, 5 Januari

Theluji tena. Nimemwogesha na kumlisha mteja wangu wa asubuhi, bibi wa Kizungu, nikarudi kwa miguu hadi mtaani kwetu Sparkbrook, hapa Birmingham, Uingereza. Mabasi hakuna. Shule zimefungwa. Wale vijana sita wako palepale konani, skafu hadi machoni. Madonge ya theluji wanayonirushia yana mawe ndani. Siku ya tatu hii. Dirisha la sebuleni limepata ufa.

Mwanaidi, jirani wa ng'ambo ya barabara na rafiki yangu wa miaka kumi na moja, kaniletea chai ya tangawizi. Nimemwambia hao ni watoto wa Mzee Farah, Msomali wa nyumba namba tisa. Hakubisha.

Jumanne, 6 Januari

Nimemgongea Mzee Farah. Ameapa wanawe hawajatoka tangu juzi. Nimemwita mwongo mbele ya mkewe. Mwanaidi alikuwa kanishika mkono, anatikisa kichwa kwa masikitiko. Nilijisikia nina mtu.

Jumatano, 7 Januari

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Walimwaga maji kwenye ngazi zangu, yakaganda. Nilitoka na pipa la taka, donge likanipata sikioni, nikaanguka. Wakacheka. Kisha mmoja wao akasema, "Pole, anti."

Kicheko kikakatika. Aliyesema akajiziba mdomo juu ya skafu, akakimbia.

Kifundo cha mkono kimevunjika. Wiki sita bila kazi.

Naijua ile sauti. Sauda, binti wa Mwanaidi, miaka kumi na mitano. Nimemlea mimi tangu yuko chekechea, mama yake akiwa zamu. Ukimsemesha Kiswahili anajibu Kiingereza. Maneno mawili tu niliyapigania mpaka yakamkaa: shikamoo, na pole mtu akijikwaa.

Alhamisi, 8 Januari

Sijatoka. Siwezi hata kujifunga kitenge. Mtoto ni mtoto, najiambia. Ninayemhurumia ni Mwanaidi. Akijua atakufa kwa aibu. Nimwambieje?

Ijumaa, 9 Januari

Mwanaidi kaja na pilau. Nimemwambia taratibu, kama mtu anayepeleka habari za msiba. Hakushtuka. Hakuuliza nina hakika gani. Aliendelea kupanga sahani.

Alijua tangu Jumapili. Aliona glavu zimelowa, akambana binti, binti akakiri. Eti Mwanaidi alinificha kwa kuogopa ningeita polisi.

Nikamwambia, "Uliniacha nikamtukane mzee wa watu, na umenishika mkono."

Akasema, "Ningefanyaje? Ni mwanangu."

Na mimi nilikuwa nani? Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Nina hasira. Mtoto kanirushia theluji tu. Mama yake kaniuza. Pilau nimemrudishia na sufuria yake.

Jumapili, 11 Januari

Nimekwenda kwa Mzee Farah kuomba radhi. Kanisikiliza akiwa kasimama mlangoni. Hakunikaribisha ndani. Alisema tu amesikia.

Alasiri nimekuta chumvi ya kuyeyusha barafu imemwagwa kwenye ngazi zangu zote. Nimeona haya kuliko kama Mzee Farah angenitukana.

Jumatatu, 12 Januari

Theluji inayeyuka. Asubuhi nimesikia koleo linakwangua nje. Sauda, peke yake, bila skafu, macho mekundu.

"Shikamoo, anti."

Marahaba ikanitoka kabla sijaamua. Nikamwambia avae glavu.

Ng'ambo, Mwanaidi alikuwa dirishani. Aliinua mkono. Nimevuta pazia.