Breki Mbili na Choo cha Nev

Jumanne, 7 Machi 2023

Dripu ya kwanza leo. Daktari kaeleza tena, polepole. Askari wa mwili wangu wanaiona saratani wanaipigia saluti. Hizi dawa mbili zinawaondolea breki, wapigane. Nikamuuliza: breki zote mbili? Mteremkoni? Hakucheka. Akasema hatari ni wakianza kunipiga mimi mwenyewe — ngozi, ini, utumbo. Nikiharisha nipige simu siku hiyo hiyo, nisione haya. Utumbo unaweza kutoboka.

Sista Maricel kaja na mifuko ya dawa. Joho, glavu, miwani — kajikinga kama mrina asali. Mimi nina kaptura na kandambili. Akasema ikimwagika ni hatari. Kisha akaifungulia iingie mshipani mwangu!

Miaka thelathini naezeka mapaa ya bati, Queensland nzima, kifua wazi. Mke wangu Glenys alikuwa akinifukuza na krimu ya jua hadi kwenye ngazi. Namkimbia. Sasa saratani ya ngozi: huu uvimbe kwapani, na vitone mapafuni. Uvimbe nimeupima kwa kalipa, kile kipimio cha karakana cha kupimia unene wa bati, Glenys kashika tochi. Milimita 31.

Jumapili, 19 Machi

Vipele mwili mzima. Nawashwa! Nimekwenda kujisugua kwenye nguzo ya ua. Ng'ombe wa jirani yetu Nev kaja kujisugua upande wa pili. Tukatazamana. Nev kapita, akauliza wake ni yupi.

Jumanne, 28 Machi

Dripu ya pili. Milimita 27. Glenys kalia garini, halafu kanigombeza eti nimeegesha vibaya.

Alhamisi, 13 Aprili

Tumbo. Mara tatu kabla ya saa sita mchana. Glenys kabandika karatasi kwenye mlango wa choo: kila nikiingia, alama. Zikifika nne kwa siku anapiga simu mwenyewe. Nikamwambia ya tatu haihesabiki, niliingia kusoma gazeti.

"Gazeti liko jikoni, mzee wangu."

Lakini milimita 19! Kumi na tisa! Nimepima mara mbili, ya pili bila miwani. Wakijua ninaharisha watasimamisha dawa. Yule bwana wa kiti cha dirishani, kule kwenye dripu, walimsimamishia. Sijamwona tena.

Jumamosi, 15 Aprili

Nimepata dawa ya karatasi: choo cha Nev. Unapita penye pengo la ua, hatua arobaini, thelathini ukibanwa. Nyumbani alama mbili tu. Glenys kafurahi, kaoka keki.

Nev hakufurahi. "Hii ya tano leo, bwana. Si uhamie kabisa, uje na godoro?" Nikamwapisha asimwambie Glenys. Akaapa. Baadaye kaleta unga wa chumvi anaowapa ndama wake wakiharisha. Pakiti moja, ndama mmoja, akasema — wewe una kilo ngapi? Unga wenyewe una ladha ya limau. Si mbaya.

Keki sikuigusa. Nimempa ng'ombe.

Jumatatu, 17 Aprili

Saba. Na damu kidogo. Nev kaiona, maji hayakuvuta vizuri. Nilingoja utani. Hakutania.

"Lindsay, ndama akifika hapa, mimi huwa naita daktari."

Nikamwambia kesho. Dripu kwanza, kisha nitasema yote. Akaenda kufunga geti ambalo lilikuwa limefungwa.

Milimita 16.

Jumanne, 18 Aprili

Niko kitini. Sindano imeshaingia. Maricel kauliza maswali yake: homa? Hapana. Kikohozi? Hapana. Choo, mara ngapi kwa siku?

Kabla sijafungua mdomo Glenys katoa karatasi mkobani. Kaibandua mlangoni, na gundi yake! "Tatu, mbili, mbili, mbili, mbili," kamsomea, kila siku na tarehe yake. "Nimeandika mwenyewe, sista. Huyu angesema uongo." Maricel kasema angependa wagonjwa wote wawe na mke kama huyu. Glenys kaona haya, kanishika goti.

Sasa Maricel karudi, joho, glavu, miwani. Mfuko mkononi. Kaniuliza jina, tarehe ya kuzaliwa. Nimejibu sawasawa. Nimeshika daftari hili nisimtazame mtu.

Tumbo limenguruma. Mama wa kiti cha pili kageuka dirishani kuangalia kama kuna mvua. Mbingu nyeupe, hakuna hata wingu! Limenguruma tena. Nimebana kila kinachobanika.

Maricel hajautundika mfuko. Kauliza, taratibu: hizo mbili ndizo zote?

"Ndizo zote," Glenys kasema. Kisha kaniangalia. Kaitazama karatasi. Kaiangalia suruali yangu, magotini, ile miiba ya mbigili iliyonasa, inayoota uani kwa Nev tu.

"Lindsay," kasema. "Zote?"

Choo ni hatua kumi na mbili. Nimezihesabu nilipoingia. Nikisimama watajua, nikikaa watajua, na mfuko bado uko mkononi mwake, nami nasema —